Ndege huangukia mezani: yanayosemwa kuhusu ndege za rimoti, na yalivyo

Jumapili moja asubuhi, kwenye uwanja wa nyasi upande wa Bahati, nje kidogo ya Nakuru, ndege yangu ilikaa hewani sekunde nne. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikesha nikibadilisha servo mbili za mabawa, vile vimota vidogo vinavyosogeza vijibawa vya ukingo wa nyuma. Nikairusha kwa mkono kuelekea upepo, ikapanda vizuri, kisha ikainamia kushoto kidogo. Nikasukuma kijiti cha rimoti kulia ili kuinyoosha, nayo ikazidi kulalia kushoto. Nikasukuma zaidi. Ikajipindua na kuchimba nyasi kwa pua. Vijana waliokuwa wakisubiri mpira uanze walisema kwa sauti moja: "Ni upepo!"

Haukuwa upepo. Nilikuwa nimechomeka nyaya za servo kinyume, kulia kukawa kushoto. Ndege ile ilianguka Jumamosi saa tano usiku, mezani pangu, ila mimi nilipata habari Jumapili. Tangu hapo nimekuwa nikisikiliza sababu ambazo watu hutoa ndege inapoanguka, na nyingi huilaumu hewa kwa makosa ya meza.

"Upepo ndio huangusha ndege"

Upepo mkali huitesa ndege ndogo, hilo halina ubishi. Ukitaka utulivu kandokando ya Kisumu, rusha saa moja au saa mbili asubuhi. Jua likishapanda, upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na alasiri mawingu ya radi hujikusanya. Lakini ndege iliyokaguliwa vizuri huuvumilia upepo mwingi kuliko watu wanavyodhani.

Dhana hii ina ndugu yake, na huyu hutoka vinywani mwa watu waliorusha miaka mingi: eti ndege ikikata kona na kuupa upepo mgongo, inapoteza nguvu na kudondoka. Ndege ikiwa hewani haijui upepo unavuma kwenda wapi. Inasafiri ndani ya hewa kama mtu anayetembea juu ya feri ya Mbita. Hatua zake ni zile zile akielekea mbele au nyuma ya feri, ingawa aliye ufukweni ataona mara anakwenda mbio, mara anakokota miguu. Chukua ndege inayoruka kilomita 40 kwa saa na upepo wa kilomita 15. Ikienda na upepo, wewe uliye chini utaiona ikikupita kwa 55. Jicho linashtuka, kidole kinapunguza mota, kingine kinavuta pua juu, na ndege iliyokuwa salama inaishiwa mwendo. Aliyeiangusha ni jicho. Kitu cha kweli kilichojificha humo ni kwamba karibu na ardhi upepo hubadilika ghafla, miti na majengo yakiukatakata, kwa hiyo kona ya chini chini haifai hata siku ya shwari.

"Mota ikizima, imekwisha"

Ndege si jiwe. Mota ikizima, shusha pua kidogo, iache iteleze, itafute pa kutua. Nimetua hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, kwa sababu ya kusahau saa ya betri.

Linaloangusha ni bawa kuachia hewa. Ukitoa kiganja nje ya dirisha la matatu (kondakta asikuone) na kukiinua mbele kidogo, upepo unakipandisha. Endelea kukiinua na utafika mahali kinaacha kupanda na kinasukumwa nyuma tu. Bawa nalo ni hivyo: likipita pembe ya nyuzi 15 hivi dhidi ya hewa inayolijia, mbebo, yaani nguvu ya hewa inayoliinua, unakatika, na mota inaweza kuwa inanguruma kwa nguvu zake zote. Dawa yake inapingana na silika ya kila anayejifunza, maana ni kusukuma kijiti mbele, pua ishuke, wakati moyo wako wote unataka kuivuta juu.

"Nakuru au Mombasa, hewa ni hewa"

Hapa ndipo wengi wetu huumia, hasa walionunua ndege wakafuata maelekezo ya watu wa pwani za ng'ambo. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu iko kama mita 1,130, na Eldoret inakaribia 2,100. Katika mwinuko wa Nakuru hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, na jua la saa saba mchana huipunguza zaidi. Ili bawa lile lile libebe uzito ule ule, ndege inabidi iende kasi zaidi kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo itahitaji uwanja mrefu kupaa, na itatua mbio kuliko ulivyoona kwenye video.

Mota ya umeme haihitaji oksijeni, hivyo haichoki kama injini ya mafuta. Ila propela yake inatafuna hewa haba. Mimi nikiwa Nakuru huongeza propela inchi moja, kutoka 9 hadi 10, kisha napima amperi mota ikizunguka kwa nguvu zake zote nihakikishe sijavuka kiwango cha mota wala cha kidhibiti mwendo. Nikiteremka Kisumu na propela ile ile, napima tena, kwa sababu hewa nzito huikaza mota. Kuna siku sikupima, na nilinusa kidhibiti kikiungua kabla sijaona moshi.

"Weka uzito nyuma, pua itapanda yenyewe"

Hapana. Geuza bawa, pima upana wake kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma. Ukiwa sentimita 20, ndege nyingi za kujifunzia zinataka kusawazika kwenye ncha za vidole viwili ukiziweka sentimita 5 hadi 6 kutoka ukingo wa mbele, betri ikiwa ndani. Ikiwa mkia ndio unaoshuka, sogeza betri mbele. Isipotosha, bandika kitu puani. Yangu moja ilibeba sarafu mbili za shilingi 20 kwa mwaka mzima, na rafiki zangu waliiita benki. Ndege yenye pua nzito huruka kivivu. Yenye mkia mzito kila mguso wa kijiti huipeleka mbali kuliko ulivyotaka, na kwa kawaida huruka mara moja tu.

"Jaza betri ukitoka uwanjani, ikae tayari"

Simu imetuzoesha hivyo, lakini betri za lithiamu za ndege hazikubali. Seli moja iliyojaa ni volti 4.2. Ya kupumzika ni kama 3.8. Betri ya seli tatu ikikaa wiki nzima na volti 12.6 inazeeka upesi, na mara nyingi inafura. Ijaze asubuhi unapotoka au usiku wa kuamkia, na mvua ikiharibu mpango, irudishe kwenye volti za kupumzika. Chaja nyingi zina kitufe cha kazi hiyo, lakini wengi hawajawahi kukibonyeza. Upande wa chini, seli isishuke chini ya volti 3. Mimi nimeweka king'ora kilie kwenye 3.5 ili nipate nafasi ya kutua bila haraka.

Betri iliyofura usiitoboe "kutoa gesi", kama nilivyomwona fundi mmoja akitaka kufanya kwa bisibisi. Ikishika moto, huo moto si wa kuzima kwa kikombe cha maji. Mimi huchaji juu ya sakafu ya saruji, betri ndani ya sufuria kuukuu yenye mchanga, kwa amperi 2.2 ikiwa betri ni ya miliamperi-saa 2200, na siendi kulala wala dukani mpaka imalize. Mke wangu alipoiulizia sufuria ile mara ya kwanza, nilinunua mpya.

Za haraka haraka: propela yenye ufa haibandikwi gundi, hutupwa, kwa sababu inazunguka maelfu ya mara kwa dakika karibu na vidole vyako. Supagluu ya kawaida hula ile fomu nyeupe inayofungiwa televisheni mpya, kwa hiyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Usielekeze ncha ya antena ya rimoti kwenye ndege kama mkuki, maana nchani ndipo mawimbi yanapokuwa dhaifu kuliko kote. Iache imelala ubavu. Washa rimoti kwanza ndipo ndege, na kuzima, ndege kwanza.

Na ukaguzi ule ambao ungeniokoa Jumapili ile: sukuma kijiti kulia, tazama bawa la kulia ukiwa nyuma ya ndege. Kijibawa chake kinatakiwa kuinuka. Ni sekunde mbili tu.

"Hiyo ni drone, inatupiga picha"

Mzee mmoja aliniuliza hivyo nikiwa sijafungua hata boksi. Nilimwamkia, nikamshikisha ndege, akatafuta kamera mpaka chini ya tumbo. Akaniuliza tena kama inaingilia mawasiliano ya ndege kubwa. Rimoti zetu za sasa hutumia gigahezi 2.4, jirani na Wi-Fi ya nyumbani, ilhali marubani huongea na mnara kwenye megahezi 118 hadi 137. Hatari yenyewe ni mwili wa ndege kukutana na mwili mwingine hewani. Ndiyo maana sirushi karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, ulioko pale pale kando ya ziwa, wala karibu na Hifadhi ya Ziwa Nakuru, ambako ndege wenye manyoya wana haki ya kwanza na KWS, shirika la wanyamapori, ndio wenye mamlaka. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani. Usijiamulie kwamba kitu chako cha fomu hakihusiki. Waulize KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujarusha.

"Ni mchezo wa watoto"

Agosti 2003, Mmarekani Maynard Hill, mzee aliyekuwa karibu kipofu, aliirusha ndege ya mfano ya mbao za balsa kutoka Newfoundland, Kanada. Ilikuwa na uzito wa kilo 5 hivi, mafuta yakiwemo. Baada ya saa 38 na dakika 52 ilitua Ayalandi, ng'ambo ya Atlantiki. Watoto wangu hawajafika huko.

"Ikitumbukia kwenye mahindi, isahau"

Zima mota papo hapo. Usikimbie. Baki uliposimama, chagua alama iliyo nyuma ya mahali ilipozamia, mti au paa, na mwenzako atembee kwenye mstari huo ukimwelekeza. Betri ikiwa haijachomoka, king'ora kitalia chenyewe kadiri inavyopungua.

Ila kwanza mtafute mwenye shamba. Mara ya mwisho nilimkuta mama mmoja ameketi mlangoni akipukuchua, ndege yangu imeegemea ukuta kando yake, bawa moja limekatika katikati. "Imelia mpaka nikadhani ni simu," akasema. Alinionyesha mabua matatu yaliyolala. Nilimlipa, akanirudishia ndege na propela, ila ile mipira ya kufungia bawa alikuwa ameshafungia mdomo wa gunia.