Mkopo wa Kampuni Mama Si Mtaji

Ukaguzi wa hesabu za makampuni ukishafungwa na makadirio ya kodi kutumwa, barua zinazorudi kwetu watu wa kodi huwa na lalamiko moja: tumeleta mabilioni nchini, iweje riba yetu ikataliwe kukatwa kwenye faida kabla ya kodi? Mitaani nako wapo wanaoamini kwamba kila mwekezaji wa kigeni amesamehewa kodi. Pande zote mbili hazijajiuliza kama fedha hizo ziliingia kama mtaji au kama mkopo, na nani aliyezitoa.

Kampuni ikifadhiliwa kwa hisa, mwenye hisa husubiri gawio, na gawio hutoka kwenye faida iliyokwishatozwa kodi ya asilimia 30. Ikifadhiliwa kwa mkopo, riba hutolewa kwanza, kodi baadaye. Hivyo mmiliki aliye nje ya nchi, anayeweza kuwa mwanahisa na mkopeshaji kwa wakati mmoja, ana kila sababu ya kukopesha. Hilo si kosa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania inachofanya ni kuweka mpaka.

Mpaka wenyewe unazihusu kampuni ambazo asilimia 25 au zaidi ya umiliki wake iko mikononi mwa wasio wakazi, pamoja na wamiliki wengine waliotajwa kwenye sheria. Riba inayokubalika kwao ni ya deni lisilozidi uwiano wa 7 kwa 3 dhidi ya mtaji. Tuseme kiwanda kina mtaji wa shilingi bilioni 3, na kampuni mama, yaani kampuni inayokimiliki kutoka nje, imekikopesha bilioni 12 kwa riba ya asilimia 10. Riba ya mwaka ni bilioni 1.2. Deni linalotambuliwa ni bilioni 7, kwa hiyo riba inayokubalika ni milioni 700. Milioni 500 zinarudishwa kwenye faida, na kodi yake ni milioni 150. Kodi ya zuio ya asilimia 10, ile ambayo mlipaji huikata kwenye riba anapoilipa, inabaki palepale kwa riba yote, si kwa ile iliyokubaliwa tu, na iwasilishwe ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mkopo wa benki ya hapa nchini hauhesabiwi kwenye uwiano huo wa 7 kwa 3. Hili tumelieleza mara nyingi.

Jambo ambalo wakurugenzi wengi hawalipigii hesabu ni kwamba faida iliyobakizwa nayo ni sehemu ya mtaji. Kampuni inayogawa gawio lote kila mwaka kisha ikakimbilia mkopo wa kampuni ndugu inajipunguzia yenyewe nafasi ya kukopa. Tunawakuta mezani wakilalamikia sheria, ilhali azimio la gawio wamelisaini wao.

Kuhusu mashine: mtambo uliofungwa kiwandani kwa ajili ya uzalishaji hupata posho ya uchakavu, yaani sehemu ya gharama yake inayokatwa kwenye faida kabla ya kodi, ya asilimia 50 mwaka wa kwanza. Ndiyo maana maombi ya ununuzi hurundikana kuelekea kufunga hesabu. Lakini huo si msamaha! Gharama ya mtambo itakatwa mara moja tu, mpaka iishe. Kilichobadilika ni muda. Mtambo ambao hauna soko la bidhaa zake utabaki hasara hata ukiwahi posho.

Kuuza hisa kwa umma nako kuna vivutio vyake. Kampuni inayoorodheshwa upya Soko la Hisa la Dar es Salaam, ikiwa imeuza kwa umma angalau asilimia 30 ya hisa zake, hutozwa asilimia 25 badala ya 30 kwa miaka mitatu mfululizo. Tafadhali msiichanganye asilimia hiyo 30 na ile 25 ya hisa za kuuzwa kwa umma iliyowekwa na sheria ya mawasiliano, iliyoifanya kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania mwaka 2017 iuze hisa milioni 560 kwa shilingi 850 kila moja. Kampuni nyingi za familia hazijavutika. Kwa uzoefu wangu, wanachoogopa ni kufungua vitabu na kugawana maamuzi, na punguzo la pointi tano haliwatoi hofu hiyo.

Yupo pia meneja wa kuajiriwa. Bonasi yake ikipimwa kwa faida ya mwaka huu, matengenezo na mafunzo vitasogezwa mwakani. Hapo kodi haihusiki. Ni wenye hisa wenyewe kurekebisha mkataba.

Anayepinga makadirio alete pingamizi la maandishi ndani ya siku 30, likitaja sababu, pamoja na mkataba wa mkopo, uthibitisho wa benki kwamba fedha ziliingia na hesabu zilizokaguliwa. Alipe pia theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi asichokipinga, kipi kikubwa. Mwenye sababu ya msingi anaweza kuomba kupunguziwa malipo hayo. Asiporidhika na uamuzi, njia iliyo wazi ni Bodi ya Rufani za Kodi. Mkataba wa mkopo uliosainiwa baada ya ukaguzi kuanza hautamsaidia.