Upepo wa Kwenda na wa Kurudi Haufidiani

Wiki iliyopita, kwa mara nyingine tena, nililetewa ratiba ya matembezi ya baiskeli kando ya bahari: kilomita 20 kwenda, kilomita 20 kurudi, mwendo wa kilomita 18 kwa saa, vituo vitatu vya kuogelea kwenye fuko za umma, na chini yake maelezo kwamba upepo usitutie wasiwasi kwa kuwa utakaotuzuia tukienda ndio utakaotusukuma tukirudi. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na walioyaamini nimewaona wakifika mwisho wa safari hoi, bila kupata hata nafasi ya kutia miguu majini, jambo ambalo ndilo lililowatoa nyumbani.

Hesabu yenyewe inayakataa. Chukua mwendeshaji ambaye hewa ikitulia huenda 18, upepo wa mbele ukampunguzia hadi 12 na wa mgongoni ukampa 24, hasara na faida zikiwa sawasawa. Kwenda kutamchukua saa 1 na dakika 40, kurudi dakika 50, jumla saa mbili na nusu. Bila upepo angetumia saa 2 na dakika 13 hivi. Muda wa kupambana na upepo ni mrefu kuliko muda wa kusaidiwa nao, basi vitafidianaje? Isitoshe, ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi ya hewa inayokupiga, hivyo anayekwenda 15 dhidi ya upepo wa 15 hupata ukinzani mara nne ya ule ambao angeupata kwa mwendo uleule hewa ikiwa imetulia. Mlima angalau una kilele.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mabishano haya ya mbele na nyuma hayagusi hali ya kawaida ya pwani. Barabara hufuata ufuko, upepo wa bahari huvuma kuingia nchi kavu, kwa hiyo mara nyingi hukupiga ubavuni, kwenda na kurudi. Watu hudhani upepo wa ubavuni hausaidii wala haudhuru. Ukienda 15 na upepo wa 15 ukakupiga ubavuni moja kwa moja, hewa unayoipasua ina kasi ya takriban 21, na ukinzani unaokurudisha nyuma huongezeka kwa asilimia 40 hivi, uelekee upande wowote ule. Unalipa mara mbili. Kisha kuna hatari ya kuta: niliwahi kumfuata mwendeshaji mzoefu aliyekuwa amejikinga nyuma ya ukuta mrefu, mkono mmoja ukiwa kwenye chupa ya maji, na ukuta ulipoisha usukani ulimponyoka, gurudumu la mbele likakata kuelekea katikati ya barabara kabla hajaudaka tena. Tangu siku hiyo huwataka watu washike usukani kwa mikono miwili kabla ukuta haujaisha.

Vitabu hushauri uanze safari kinyume na upepo ili ukubebe wakati wa kurudi. Nimewafundisha watu hivyo kwa miaka, na siku hizi nina shaka, kwa sababu kanuni hiyo huchukulia kwamba upepo wa saa moja asubuhi ndio utakaokuwa ukivuma saa tisa alasiri. Pwani haiko hivyo. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na ya baharini huja kujaza nafasi. Upepo huo kwa kawaida huanza jua likishapanda, hufikia nguvu yake alasiri, na hulegea jua likizama. Nimebaki na kanuni nyepesi zaidi: kilomita nyingi zimalizwe kabla ya saa nne asubuhi, saa za jua kali ziwe za kivuli na maji, na kurudi kufanyike jioni, ikiwezekana kwa njia ya ndani yenye miti.

Sasa vituo. Ufuko uliochaguliwa kwa kuangalia picha umechaguliwa kwa maji yaliyojaa, na ukifika yakiwa yamekupwa utakuta matope na mawe, bahari ikiwa mbali. Soma kwanza jedwali la saa za maji kujaa na kupwa. Sehemu nyingi maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25, hivyo saa iliyowafaa Jumamosi iliyopita haiwafai Jumamosi hii, na siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huwa kubwa zaidi. Wala msiegeshe baiskeli kwenye mchanga mgumu wenye unyevu kwa kuwa unapendeza kukanyagwa: katika saa ya tatu na ya nne ya kujaa kwa maji, takriban nusu ya kimo chote huingia. Mstari wa mwani uliokauka ndio mpaka. Egesheni juu yake.

Hakikisha pia njia ya kuufikia ufuko ni ya umma, maana katika nchi nyingi mchanga unaofunikwa na maji ni wa watu wote ilhali ardhi iliyo kati yake na barabara ina mwenyewe. Kituo kila kilomita nane kinatosha. Tyubu ya akiba, viraka na pampu havihitaji maelezo.

Baiskeli ikilazwa mchangani, ilazwe kwa ubavu wa kushoto, gia na mnyororo vikiwa juu. Jioni hiyohiyo mnyororo uoshwe kwa maji matamu yanayotiririka taratibu, si ya kasi yanayosukuma chumvi ndani ya beringi, ufutwe hadi kitambaa kitoke kikavu, ndipo utiwe mafuta. Ukiachwa hadi kesho, utaukuta na vidoa vya kutu.