Geji ya nyuzi za gitaa kavu: maana yake na namna ya kuichagua

Juu ya pakiti ya nyuzi za gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, lile ambalo wazee wengi bado huliita galatoni, aghalabu huandikwa namba mbili zilizotenganishwa kwa kistari: 10-47, 11-52, 12-53 au 13-56. Namba ya kwanza ni unene wa uzi wa kwanza, yaani ule mwembamba kuliko wote, na ya pili ni unene wa uzi wa sita, ule mnene wa besi. Vipimo hivi hutajwa kwa sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo 12 ni inchi 0.012, sawa na milimita 0.30 hivi, na 53 ni karibu milimita 1.35. Unene huo ndio unaoitwa geji, na wapigaji wamezoea kuitaja seti nzima kwa uzi wake wa kwanza peke yake: mtu husema anatumia seti ya kumi na mbili, na mwenzake akaelewa nyuzi nyingine tano zina unene gani kwa makadirio.

Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayamsaidii sana mnunuzi, kwa kuwa unene wenyewe si kitu ambacho gitaa linakihisi. Kinacholifikia gitaa, na kinachovifikia vidole vya mpigaji, ni mkazo: nguvu ambayo uzi unavuta daraja, yaani kipande kilichogundishwa kwenye ubao wa mbele kushikilia nyuzi, upande mmoja na kichwa cha gitaa upande mwingine baada ya kukazwa hadi sauti yake. Geji ni njia ya kuutaja mkazo huo bila kuutaja. Anayechagua geji anaamua gitaa lake litavutwa kwa kilo ngapi usiku na mchana, hata likiwa limetundikwa ukutani bila kuguswa, na uamuzi huo unapaswa kuanza na gitaa lenyewe kabla ya kufika kwenye ladha ya masikio.

Uhusiano kati ya unene, urefu, mkazo na sauti ulielezwa zamani na padri Mfaransa Marin Mersenne katika kitabu chake cha 1636. Uzi ukiwa mrefu zaidi sauti yake hushuka. Ukikazwa zaidi hupanda. Ukiwa mzito zaidi hushuka tena. Katika gitaa, urefu wa uzi umeshaamuliwa na fundi aliyelitengeneza, na sauti imeshaamuliwa na mpangilio wa kawaida wa E, A, D, G, B na E. Vilivyobaki ni uzito na mkazo, na hivyo viwili vimefungamana: ukiongeza uzito wa uzi huku ukitaka sauti ileile, huna budi kuongeza mkazo kwa kiasi kilekile. Kwa kuwa uzito wa waya hufuata mraba wa kipenyo chake, tofauti inayoonekana ndogo kwenye pakiti huwa kubwa kwenye gitaa. Uzi wa kwanza wa 12 ni mnene kuliko wa 10 kwa asilimia 20 tu, lakini mkazo wake ni mkubwa kwa asilimia 44: kutoka kilo 7.3 hivi hadi kilo 10.6.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini nyuzi sita haziwezi kuwa na unene mmoja. Katika historia ya gitaa la Kongo na Afrika Mashariki wapo waliojitengenezea magitaa na kuyafunga nyuzi zilizochomolewa kwenye waya wa breki ya baiskeli, ambazo zote zina karibu unene uleule. Tuseme uzi mmoja wa namna hiyo umekazwa hadi E ya juu, inayotetema mara 329.6 kwa sekunde, na mkazo wake ni kilo 10.6. Ili uzi wa aina hiyohiyo utoe E ya chini, inayotetema mara 82.4, yaani robo, mkazo unapaswa kushuka hadi sehemu ya kumi na sita, ambayo haifiki hata gramu 700. Uzi uliolegea kiasi hicho haupigiki. Unagongagonga freti, vile vichuma vilivyokingama kwenye shingo, na sauti yake huyumba kila unapokandamizwa. Aliyeweza kutoa muziki wa maana kwenye chombo cha namna hiyo alikuwa na mkono mwepesi kuliko wengi wetu.

Nyuzi za besi, basi, lazima ziwe nzito, lakini kuzifanya ziwe waya mmoja mnene si suluhisho, kwani chuma kinene hukakamaa na kuanza kutetema kama fimbo; sauti zake za juu hutoka nje ya mpangilio na masikio huusikia uzi huo kama haujakazwa sawasawa hata ukiwa sawa. Ndiyo sababu watengenezaji huchukua waya mwembamba wa chuma kama kiini na kuuzungushia waya mwingine wa shaba nyeupe au nyekundu, ili uzito uongezeke bila kukakamaa. Kwenye seti ya gitaa kavu nyuzi nne huwa zimezungushiwa na mbili tu za mwanzo ndizo tupu. Kwenye seti nyingi za gitaa la umeme uzi wa tatu huwa tupu pia, na hapo ndipo mnunuzi anaweza kutambua amepewa seti isiyo yake hata kama pakiti haina maandishi ya kueleweka. Nyuzi za gitaa la umeme zitafungika kwenye gitaa kavu na hazitaliharibu, ila nyuzi za besi zitasikika nyembamba na uzi wa tatu utapiga kelele kuliko jirani zake.

Ukijumlisha nyuzi zote sita, seti ya 10-47 huvuta gitaa la kawaida kwa takriban kilo 60, seti ya 12-53 kwa takriban kilo 74, na seti ya 13-56 hukaribia kilo 85. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni tofauti ya nusu mfuko wa saruji, na mzigo huo unabebwa na ubao wa mbele ambao kwa kawaida una unene wa milimita tatu hivi, ukisaidiwa na mataruma membamba yaliyogundishwa kwa ndani. Magitaa makubwa ya kisasa yenye mataruma yaliyopangwa kama herufi X hutengenezwa yakihesabiwa mzigo wa seti ya 12, na mengi hustahimili ya 13. Magitaa madogo, yale ya zamani, na yale ya bei nafuu ambayo gundi ya daraja lake haiaminiki, ni salama zaidi kwa seti ya 11 au ya 10. Dalili za kuzidiwa huonekana kwa macho: ubao huvimba nyuma ya daraja, na ukipitisha ukingo wa karatasi chini ya daraja upande wa nyuma, karatasi huingia mahali ambapo haikupaswa kupenya.

Hapa kuna onyo moja ambalo ningependa lichukuliwe kwa uzito kuliko yote yaliyosemwa hadi sasa. Gitaa la klasiki, lenye shingo pana, nyuzi tatu za nailoni zinazoonekana kama mshipi wa kuvulia na tatu za besi zenye rangi ya fedha, si gitaa kavu lililokosa nyuzi za chuma. Asili yake ni nyuzi za utumbo wa kondoo, ambazo nailoni ilichukua nafasi yake baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na seti yake nzima huvuta kwa kilo 40 hivi. Mataruma yake yamepunguzwa makusudi ili ubao utetemeke kwa nguvu hiyo ndogo, na mengi hayana nondo ya chuma ndani ya shingo. Ukilifunga nyuzi za chuma, hata za 10, umelizidishia mzigo kwa nusu nzima. Huenda litavumilia kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana watu wengi huamini hakuna tatizo. Kisha shingo hupinda au daraja hung'oka na kipande cha ubao. Hakuna geji ya chuma iliyo nyepesi kiasi cha kulifaa gitaa hilo.

Urefu wa uzi kati ya daraja na kichwa nao unahusika, ingawa wauzaji hawautaji. Magitaa mengi makubwa yana milimita 648 au 645. Mengine, hasa yenye mwili mdogo, yana 632. Seti ileile kwenye gitaa fupi huwa na mkazo pungufu kwa asilimia 5 hivi, tofauti inayoweza kusikika vidoleni, kwa hiyo aliyezoea seti ya 11 kwenye gitaa refu anaweza kuikuta ya 12 kwenye gitaa fupi ikiwa laini kuliko alivyotarajia. Mambo huwa dhahiri zaidi kwa wanaoshusha sauti ya gitaa ili kumfuata mwimbaji. Nyuzi zote zikishushwa nusu toni, mkazo hupungua kwa asilimia 11. Zikishushwa toni nzima, hupungua kwa asilimia 21. Mpigaji wa kwaya ambaye gitaa lake huwa limeshushwa nusu toni wakati wote anaweza kufunga seti ya 13 bila hofu, kwa sababu mkazo wake utakaribia ule wa seti ya 12 iliyokazwa kawaida.

Baada ya gitaa kuridhika, ndipo zamu ya mikono inafika. Anayepiga rizimu kwa piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, akisindikiza sauti nyingi mahali pasipo na vipaza sauti, atanufaika na seti ya 12 au 13, kwani uzi wenye mkazo mkubwa hupeleka nguvu nyingi zaidi kwenye ubao na hauyumbi ukipigwa kwa kishindo. Anayecharaza kwa dole gumba na kidole cha shahada, kwa mtindo ambao mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, aliusambaza kupitia rekodi zilizoanzia 1952, ana haja tofauti: besi na sauti ya juu zinapaswa kusikika kwa usawa huku mkono ukiwa mwepesi, na seti ya 11 au ya 12 humtosha. Si kweli kwamba nyuzi nyembamba ni za wanaoanza na nene ni za mabingwa. Ni kweli, hata hivyo, kwamba nyuzi nyembamba sana kwenye gitaa kubwa hazina nguvu ya kuutikisa ubao wake, na mwenye gitaa huishia kulilaumu gitaa.

Kuhusu wanaojifunza, ushauri wa kawaida ni kuwapa seti ya 10 ili vidole visiumie. Naona ushauri huo unatibu sehemu ndogo ya ugonjwa. Mara nyingi kinachomtesa mwanafunzi anaposhika kodi ya F, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ambayo kidole kimoja hulala juu ya nyuzi zote sita, ni nyuzi zilizo juu mno kutoka kwenye freti, hasa karibu na kichwa, pale zinapopita kwenye kipande chenye mifereji ambacho kiwandani hakikuchongwa hadi mwisho. Fundi mwenye tupa ndogo akiizamisha mifereji hiyo kwa kiasi kinachostahili, seti ya 11 hushikika kwa urahisi kuliko seti ya 10 iliyokuwa juu.

Madini ya nyuzi ni suala jingine na halibadilishi sana mkazo. Zile zilizoandikwa 80/20 zimezungushiwa shaba asilimia 80 na zinki asilimia 20, na sauti yake hung'aa zikiwa mpya. Zile za shaba na bati zenye fosforasi kidogo zina sauti ya joto zaidi na hudumu nayo kwa muda mrefu. Kwa wakazi wa pwani, ambako chumvi ya hewani na jasho huzila zote mbili, kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga kuna faida kuliko kubadilisha aina.

Anayehama kutoka geji moja kwenda nyingine ategemee gitaa kubadilika. Akipanda, shingo huvutwa mbele na nyuzi huinuka. Akishuka, shingo hurudi nyuma na nyuzi huanza kuguna kwenye freti za mwanzo, hali ambayo wengi huidhania kuwa ni ubovu wa nyuzi mpya. Kwenye gitaa lenye nondo ndani ya shingo, marekebisho ni kuizungusha kwa ufunguo wake, robo mzunguko kwa mara moja: kuikaza baada ya kupanda, kuilegeza baada ya kushuka, kisha kuliacha gitaa litulie kabla ya kuongeza.

Nyuzi huuzwa pia moja moja, bila pakiti, na hapo geji inapaswa kupimwa. Rula haifai, kwa kuwa kati ya uzi wa 10 na wa 13 kuna milimita 0.08 tu. Mikromita, kifaa cha kupimia unene mdogo ambacho mafundi wa mashine huwa nacho, itasoma 0.25 kwa uzi wa 10, 0.28 kwa wa 11, 0.30 kwa wa 12 na 0.33 kwa wa 13. Mnunuzi apime kwanza uzi unaobaki kwenye gitaa, mahali ambapo haujachakaa juu ya freti, ndipo achague wa kuufuata; na kwa nyuzi zilizozungushiwa apime juu ya mzunguko wake wa nje bila kuubana, kwa sababu namba ya pakiti huhesabu uzi mzima na si kiini chake.