Kwa nini kwenye trayki ya kujilaza kuteleza ni kubaya kuliko kuanguka?

Je, wajua kuna baiskeli ambayo mguu ukitoka tu kwenye pedali inaweza kukukanyaga wewe mwenyewe unayeiendesha? Sio stori ya kutunga. Ni zile trayki za kujilaza, baiskeli za matairi matatu ambazo unakaa chini karibu kabisa na lami, mgongo umeegemea, miguu umeinyoosha na pedali ziko mbele ya kila kitu, mara nyingi juu kidogo ya usawa wa kiti. Nyingi zina matairi mawili mbele na moja nyuma. Ukimwona anayeendesha alivyojiachia unadhani ndo usafiri salama kuliko wote, haihitaji balansi, ukisimama nayo inasimama tu. Lakini muulize mzoefu huwa anafunga nini kabla hajaondoka, atakwambia miguu yake.

Kuelewa kwa nini wala usiende mbali. Kaa sakafuni, egemea kitu, kanyaga ukuta kwa nyayo zote mbili, magoti yakunjike kidogo na visigino viwe juu ya sakafu kama shubiri mbili hivi. Sukuma ukuta. Miguu imekaa vizuri eti? Sasa acha kusukuma, legeza mapaja tu. Nyayo zinaanza kushuka, visigino vikitangulia, na ukijitia kuvizuia dakika moja mbili utasikia paja linatetemeka lenyewe. Basi hiyo ndo trayki, ila huko ukuta unazunguka na sakafu inakimbia.

Kwenye baiskeli ya kawaida pedali iko chini ya mguu, kwa hiyo hata ukichoka uzito wa mguu wenyewe unaubakiza pale, mvutano wa dunia unakusaidia bure. Ukijilaza, pedali haiko chini tena, iko mbele, na kinachoushika mguu ni ile nguvu ya kusukuma peke yake, ambayo inakatika kila saa: unashuka mteremko bila kukanyaga, unabadili gia, tairi limegonga tuta, soli imelowa, au umechoka tu baada ya safari ndefu na akili iko kwingine.

Sasa tuseme mguu umetoka. Uko kilomita 25 kwa saa, mwendo wa kawaida tu, hiyo ni karibu mita 7 kila sekunde. Kisigino kinagusa lami na kinashika. Wewe na chombo bado mnaenda mbele, mguu umebaki pale pale, goti linakunjwa kwa lazima na ile bomba ya fremu inayounganisha matairi ya mbele inakuja kupita juu ya mguu wako, na kutoka kisigino kilipotua mpaka kwenye hiyo bomba hata mita haifiki, kwa hiyo yote yanakwisha kabla hujasema ala. Kifundo kinapinda, kano zinachanika, mfupa unaweza kuvunjika kabisa. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na kwenye baiskeli za kawaida sina ubishi nao, ila hawakuwahi kukaa kwenye hii kitu. Zile zenye tairi moja mbele na mawili nyuma hazina hiyo bomba pale mbele lakini mguu bado unaweza kuburutwa kwenda chini ya kiti, kwa hiyo usijidanganye.

Dawa inayojulikana zaidi ni pedali za kubana. Mwaka 1984 kampuni ya Look ya Ufaransa, ambao tayari walikuwa wanatengeneza vifungio vya viatu vya wanaoteleza kwenye theluji, walileta wazo hilohilo kwenye baiskeli, mwaka uliofuata mwendesha baiskeli Bernard Hinault akashinda mbio za Tour de France nazo, halafu 1990 kampuni ya Shimano ya Japani wakatoa aina yao inayoitwa SPD, ambayo kile kichuma cha kunasia (watu wanakiita kleti) ni kidogo na kinajificha ndani ya soli, unaweza kushuka na kutembea kama mtu. Unakanyaga, inalia ka!, umenasa. Kujitoa unapindisha kisigino kwenda nje.

Wengi wanaziogopa hizi kwa sababu moja tu, unafika kwenye taa, umesahau kujitoa, unaanguka kama gunia watu wakikuangalia. Kwenye trayki hofu hiyo haina kazi maana huanguki, na hapa ndo ninapoona watu wanapewa ushauri uliopinda. Shimano wana kleti mbili za SPD zinazouzwa sana, SH51 inayotoka kwa kupindisha kisigino pembeni tu, na SH56 inayoachia kwa njia nyingi hata ukivuta mguu juu kwa nguvu, na anayeanza anaambiwa achukue 56 ili asianguke. Sawa kwa baiskeli ya matairi mawili, ila kwa trayki mimi ningechukua 51, kwa sababu unachoogopa hapa ni mguu kutoka bila wewe kutaka. Labda kama kifundo hakipindi vizuri, hapo 56 ina maana yake.

Hutaki viatu maalum? Kuna vikapu vya vidole vyenye mkanda, vinasaidia, ila vinashika mbele ya mguu wakati kinachoshuka kwanza ni kisigino. Ndo maana kuna vitanzi vya kisigino, mkanda unaotoka kwenye pedali, unazunguka nyuma ya kiatu na kukibeba. Wengine wanajitengenezea kwa kamba au vipande vya tyubu ya zamani, na vinafanya kazi, ila ukimaliza zungusha pedali taratibu kwa mkono raundi nzima uone kama kitanzi hakigusi lami wala tairi. Ncha za mkanda na kamba za kiatu zichomekwe ndani, cheni haina huruma na kitu kinachoning'inia.

Kwa waliopata kiharusi au waliopooza, kisigino peke yake hakitoshi kwa sababu goti nalo linaangukia pembeni, hivyo pedali zao zinakuja na kitu kama buti kinachopanda mpaka kwenye shavu la mguu na kukaza kifundo. Mwaka 2016 kule Uswisi kwenye mashindano ya Cybathlon watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo walishindana kwenye baiskeli za kujilaza, misuli ya miguu ikisukumwa na umeme, kwa wengi wao ukipitishwa kwenye ngozi. Mguu usiosikia maumivu hauwezi kukwambia umeteleza, kwa hiyo kwao kufunga ni lazima.

Ganzi ya vidole ni kero nyingine, miguu ikikaa juu muda mrefu. Sogeza kleti nyuma kidogo kuelekea katikati ya unyayo, wengi inawasaidia.

Na ikitokea mguu umechomoka ukiwa kwenye mwendo, usiutafute chini. Mwili wenyewe utataka kuusimamisha, ndo tabia tuliyojifunza utotoni ya kufunga breki kwa soli. Vuta goti kuelekea kifuani, bana breki zote mbili, rudisha mguu ukiwa umesimama. Kuingia na kutoka ni hivyohivyo, breki ya kuegeshea kwanza halafu miguu. Hili la mwisho nililijua kwa aibu, nilifika, nikafurahi, nikajiinua kwenye kiti bila kujitoa kwenye pedali, nikarudi chini kwa makalio, na trayki kwa kuwa sikuweka breki ikaanza safari upya.