Noti haina "kwa saa"

Noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, yaani kilomita 1.852 kwa saa. Saa imo tayari ndani ya neno. Anayesema mashua ya mashindano ilikwenda "noti 40 kwa saa" ameitaja saa mara mbili, na kihesabu amesema kwamba kila saa mwendo huongezeka noti 40.

Kosa linatokana na kudhani noti ni urefu. Neno hili ni la Kiingereza, maana yake fundo, na lilikuwa fundo kweli, la kamba. Mabaharia walikuwa na kibao chenye umbo la robo duara, kimetiwa risasi kwenye ukingo wa mviringo ili kisimame wima majini. Kilitupwa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, maji yakakishika, chombo kikaenda zake huku kamba ikifunguka. Sehemu ya kwanza ya kamba haikuhesabiwa, mpaka kibao kiondoke kwenye maji yaliyovurugwa na chombo. Hapo mmoja aligeuza shisha ya mchanga ya sekunde 28, mwenzake akahesabu mafundo yanayompita mkononi. Fundo hadi fundo ni mita 14.4. Gawa kwa 28 upate mita 0.514 kwa sekunde, ambayo ndiyo maili moja ya baharini kwa saa. Mafundo 7 mkononi, noti 7.

Chumvi ilitiwa hata wakati huo. Kamba ikinywea kwa kulowa, mafundo husogeleana. Mchanga ukishika unyevu huchelewa kuisha. Kila moja huongeza mafundo.

Hata hivyo shisha ilitoa wastani wa sekunde 28. Siku hizi watu hubishana kwa tarakimu ya juu kabisa iliyoonekana kwenye GPS, labda kwa sekunde moja mashua ikiteremka wimbi. Tena GPS hupima mwendo juu ya ardhi, kwa hiyo mkondo wa noti 3 unaoisukuma mashua nao umo.

Rekodi ya dunia ya tanga, noti 65.45, aliiweka Paul Larsen kwa Vestas Sailrocket 2 huko Walvis Bay, Namibia, Novemba 2012. Ni kama kilomita 121 kwa saa, na ni wastani wa mita 500, takriban sekunde 15. Chombo hicho kiliundwa kwa kazi hiyo tu. Mashua nzito yenye mkuku, urefu wa mita 12 kwenye usawa wa maji, hunaswa na wimbi lake yenyewe karibu na noti 8.4: zidisha 2.43 kwa kipeuo cha pili cha urefu huo. Nyepesi huweza kupanda juu ya wimbi hilo na kulipita. Nzito kwa kawaida haiwezi.

Basi ukisimulia, sema "noti 22, wastani wa mita 500", na utaje kama mkondo ulikuwa nyuma yako. "Kwa saa" iachie maili.