Fukuto: Joto Lisilopata Pa Kutokea

Fukuto ni joto linalomtoa mtu jasho na kisha kulinyima jasho hilo nafasi ya kukauka. Kamusi nyingi huishia kwenye sehemu ya kwanza, yaani joto la kutoa jasho, na kwa hiyo huacha nusu ya jambo. Mkulima wa Dodoma anayepalilia saa saba mchana naye hulowa, lakini hasemi kuwa kuna fukuto. Atasema jua ni kali, na akisogea chini ya mti atapata nafuu papo hapo. Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa, mwezi wa Februari, anaweza kushinda kivulini bila kunyanyua hata ndoo, na bado shati likamgandia mgongoni.

Tofauti hiyo haimo katika jua bali katika mvuke uliomo hewani, na chombo kinachoieleza vizuri kuliko kipimo chochote ni mtungi. Maji ya mtungi hupoa kwa sababu udongo wake una vitundu vidogo vinavyoyapitisha kidogo kidogo hadi nje, na yanapokauka huko juu huondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Gramu moja tu ya maji inapogeuka mvuke huchukua joto la takribani jouli 2,400, ambalo lingetosha kupoza gramu 100 za maji kwa zaidi ya nyuzi 5. Mwili wa binadamu hufanya kazi hiyohiyo kwa jasho. Basi weka mtungi mmoja Dodoma, ambako hewa ni kavu, na mwingine Tanga karibu na bahari: wa Dodoma utatoa maji ya kuburudisha koo, na wa Tanga utatoa maji ya uvuguvugu, kwa kuwa hewa ya pwani imekaribia kushiba mvuke wa bahari na ina nafasi ndogo tu ya kupokea mwingine. Mtu aliye katika fukuto ni mtungi wa Tanga. Anatoa maji kwa wingi, yanamchuruzika hadi kwenye viwiko, na hayamsaidii, kwani jasho linalodondoka sakafuni haliondoki na joto kama linavyofanya jasho linalokauka juu ya ngozi.

Ndiyo maana taarifa ya hali ya hewa inayotaja nyuzi 32 pekee huwaacha wasikilizaji wa pwani wakijiuliza mbona jana pia zilikuwa 32 na hawakuteseka hivi. Wataalamu hufunga kitambaa kibichi kwenye kipimajoto na kusoma namba ya pili, ambayo hushuka sana hewa ikiwa kavu na hushuka kidogo tu hewa ikiwa na unyevu. Namba hiyo ya kitambaa kibichi ikifika nyuzi 35, mwili hauwezi tena kujipoza kwa jasho, hata wa mtu mwenye afya njema aliyekaa kivulini mbele ya feni. Dar es Salaam haifiki huko. Fukuto lake ni la kuchosha zaidi kuliko la kuua, na pengine kwa sababu hiyo halizungumzwi kwa uzito unaolistahili.

Neno lenyewe limetokana na kitenzi kufukuta, ambacho husemwa kwanza kwa moto unaowaka bila kutoa ulimi, kama ule wa rundo la pumba au wa tanuri la mkaa lililofunikwa udongo, ambalo kwa nje huonyesha moshi mwembamba tu ilhali ndani magogo yanageuka mkaa. Magazeti yetu hulipenda neno hili katika siasa: mgogoro unafukuta ndani ya chama, maana yake upo, unakua, na bado haujalipuka. Mtu naye hufukuta moyoni kwa hasira aliyoibana. Kiswahili kinalo pia neno harara, ambalo ni joto la mwili na vipele vya joto, na vilevile ni tabia ya mtu mwepesi wa kuhamaki. Sidhani kwamba hizi ni tamathali zilizobuniwa kwa ajili ya kupamba lugha. Waliozitumia kwanza walikuwa watu wa mwambao, na waliona kwamba ngozi isiyopata pumzi na moyo usiopata pumzi huenda pamoja.

Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 1986 unaunga mkono dhana yao, ingawa ulifanyika mbali na huku, katika jiji la Phoenix, Arizona, ambako joto lake ni la jangwa. Watafiti waliweka gari kwenye makutano ya njia nyembamba na kulizuia lisiondoke taa ilipogeuka kijani, kisha wakahesabu honi za madereva waliokuwa nyuma. Kadiri siku ilivyokuwa ya joto zaidi ndivyo honi zilivyoongezeka, hasa kwa wale walioteremsha vioo vyao, ambao kwa dhana walikuwa hawana kiyoyozi. Abiria yeyote wa daladala angeweza kuwaambia hayo. Gari likiwa linatembea, upepo wa dirishani hufanya kazi ya feni na watu huvumiliana. Likisimama kwenye foleni, hewa ndani husimama nalo, goti la jirani huanza kuwa kosa, na chenji ya shilingi mia hugeuka kesi kati ya abiria na kondakta.

Foleni hiyo inatuleta kwenye mchango wa jiji lenyewe. Tangu Luke Howard, Mwingereza mchunguzi wa hali ya hewa, alipoanza kuchapisha kitabu cha vipimo vyake vya hali ya hewa ya London mwaka 1818, inajulikana kwamba mji huwa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, na kwamba tofauti hiyo huonekana zaidi usiku. Lami na zege hunywa joto mchana kutwa na kulitema baada ya magharibi, miti iliyokuwa ikitoa kivuli na kupoza hewa imekatwa, magari yanaunguruma, na kila kiyoyozi kinachompoza mwenye nyumba humwaga joto lake nje, upande wa dirisha la jirani. Wajenzi wa zamani wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Unguja walilijua adui huyu, wakajenga kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa zinazochelewa kupata joto, na vichochoro vyembamba ambavyo jua huvifikia kwa muda mfupi. Sisi tumeezeka bati, tukazungusha uzio wa tofali mrefu kuliko madirisha, kisha tukashangaa upepo umekwenda wapi.

Usiku ndio fukuto linapogusa hisia kwa undani. Ili mtu apate usingizi, joto la ndani ya mwili halina budi kushuka kidogo, na chumba kilichobaki na joto la mchana huzuia ushukaji huo. Jirani zetu wa Oman, ambako familia nyingi bado zinazungumza Kiswahili, wanalijua jambo hili kwa kipimo cha kutisha: siku moja ya mwezi Juni 2018, katika mji wa pwani wa Quriyat, halijoto haikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Kwetu hali ni ya upole zaidi, lakini kuna mbu. Mbu humfuata mtu kwa pumzi yake, kwa joto la mwili wake na kwa harufu ya jasho lake, kwa hiyo anayefukuta ndiye anayewaita. Akifunga madirisha, anapikika, akiyafungua, anaumwa, akishusha chandarua, amejikinga na malaria lakini amepunguza upepo unaomfikia. Feni humtatulia yote mawili kwa pamoja, kwa kuwa humpepea na kuwavuruga mbu, hadi umeme unapokatika saa nane ya usiku. Anayeamkia kazini baada ya usiku wa namna hiyo hahitaji sababu nyingine ya kununa.

Wanyama wengine hawalalamiki, ila huonyesha. Ndege hawana tezi za jasho, na kunguru, walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wasafishe taka, adhuhuri ya fukuto huonekana kwenye mwarobaini wamefungua midomo, wanahema, kimya kabisa, jambo ambalo kwa kunguru ni nadra. Kuku hutanua mabawa yasiguse ubavu. Paka huacha mkeka na kujinyoosha kwenye sakafu ya saruji, tumbo chini, na bibi mwenye nyumba akimwona humwambia mjukuu aanue nguo, maana mvua haiko mbali.

Mara nyingi huwa anakisia sawa. Fukuto huwa zito zaidi wakati wa maleleji, upepo wa kaskazi unapokufa na wa kusi haujashika, mvuke ukirundikana na mawingu yakilifunika joto la ardhi lisipande. Kisha masika hupasuka. Kumbikumbi huruka kwa maelfu kuzunguka taa ya barazani na kudondosha mabawa yao kwenye sinia la chai, watoto wanawakusanya kwenye sufuria, na watu ambao juzi walikuwa hawasemezani kwa ajili ya bomba la maji wanaitana waje kuona. Usiku ule, kwa mara ya kwanza tangu Desemba, mtu hupapasa miguuni pa kitanda akitafuta shuka.