Pasipoti yako ni barua ya waziri, anza kusoma hapo

Kama pasipoti yako iko karibu ifungue, sio kwenye picha, picha tunajua wote tunafanana na watu waliotoka kukamatwa, fungua ndani ya jalada au ukurasa wa kwanza pale kwenye maandishi ambayo hakuna mtu anayasoma. Kwa nchi nyingi kuna aya moja tu, inawaomba wote wanaohusika wamruhusu mwenye kitabu apite bila kizuizi na wampe msaada na ulinzi akihitaji. Kwenye pasipoti ya Marekani anayeomba ni Waziri wa Mambo ya Nje, katajwa kwa cheo kabisa, ya Uingereza anaomba waziri kwa jina la Mfalme. Ile ni barua bwana. Waziri anawaandikia watu asiowajua kuhusu mtu ambaye hajawahi kumuona, yaani wewe.

Nimefanya kazi balozini miaka mingi na zaidi nilikuwa kaunta ya konsula, pale raia wanapokuja na shida zao na pasipoti zao, sio kwenye zile dhifa mnazoziona kwenye picha. Swali ninaloulizwa kila nikisema nilichokuwa nafanya ni hili, hivi waziri wa mambo ya nje kazi yake nini zaidi ya kupanda ndege na kushikana mikono? Na wale waliosoma soma kidogo wanauliza kivingine, inakuwaje mtu mmoja anashika diplomasia, haki za binadamu na pasipoti, si vitu vitatu tofauti kabisa? Mi nawaambia sio vitatu. Diplomasia ndo inafanya ile barua iheshimiwe huko inakokwenda, haki za binadamu ni kuhusu nani ananyimwa hiyo barua na nini kinampata aliyeibeba, na pasipoti ndo barua yenyewe.

Tuanze na mdomo wake, manake mdomo wa waziri huyu una uzito ambao mawaziri wenzake hawana. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba, ibara ya 7, unasema mkuu wa nchi, mkuu wa serikali na waziri wa mambo ya nje hawahitaji kuonyesha hati ya mamlaka ili kuifunga nchi kwenye mkataba. Waziri wa kilimo akienda kusaini mkataba wa kimataifa anatakiwa kwa kawaida abebe karatasi inayosema katumwa, huyu wa mambo ya nje cheo chake chenyewe ndo karatasi. Na sio kusaini tu, hata kuongea. Mwaka 1919 waziri wa mambo ya nje wa Norway, Nils Claus Ihlen, alimwambia mwakilishi wa Denmark kwa mdomo kwamba Norway haitaleta ugumu kwenye suala la Denmark kutambuliwa kuwa na mamlaka juu ya Greenland yote. Maneno ya ofisini tu hayo. Mwaka 1931 Norway ikatangaza kuchukua sehemu ya mashariki ya Greenland, kesi ikaenda The Hague, na mwaka 1933 Mahakama ya Kudumu ya Haki ya Kimataifa ikaipa ushindi Denmark, haikuwa sababu pekee ila majaji walisema wazi kwamba jibu la waziri kwenye jambo lililo ndani ya kazi yake linaifunga nchi yake. Fikiria hiyo, miaka 14 baadaye sentensi moja inakurudia.

Ndo maana ukimuona waziri anasoma karatasi kama mtoto anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi usimcheke. Kila neno limepimwa. Kuna ngazi ya maneno ambayo sisi wa ndani tunaijua kwa kichwa, "tunafuatilia kwa karibu" maana yake bado hatujaamua, "tuna wasiwasi" maana yake tumeamua ila hatutaki ugomvi, "tunasikitishwa" tayari joto limepanda, "tunalaani" hapo usitegemee mwaliko wa chai. Nshawahi kugombezwa vibaya sana kwa kupandisha ngazi moja kwenye rasimu, niliona kusikitishwa hakutoshi nikaandika kulaani, bosi akanirudishia karatasi na wino mwekundu akaniuliza kama mimi ndo waziri. Na maneno yakiisha kuna vitendo navyo vina ngazi zake, balozi wa nchi ya pili anaitwa wizarani akabidhiwe noti ya malalamiko, yaani barua rasmi ya kidiplomasia, halafu unamrudisha nyumbani balozi wako "kwa mashauriano", halafu ile ya kumtangaza mwanadiplomasia kuwa mtu asiyetakiwa, ambayo kwa Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu mahusiano ya kidiplomasia, ibara ya 9, huna hata haja ya kutoa sababu.

Noti yenyewe ni kitu cha kuchekesha kidogo ukiizoea. Inaandikwa kwa nafsi ya tatu, ubalozi fulani "unatoa salamu zake kwa Wizara na una heshima ya kuijulisha" kwamba, tuseme, mmempiga raia wetu kituoni, na mwisho lazima "unatumia fursa hii kuihakikishia tena Wizara heshima yake ya hali ya juu". Malalamiko makali katikati ya mikate miwili ya adabu. Watu wanaona unafiki, mi naona ni akili, manake mlango unabaki wazi na kesho mtu wako akikamatwa tena utapitia mlango huo huo.

Sasa haki za binadamu, na hapa nitakaa kidogo.

Wengi wanadhani kazi ya waziri kwenye haki za binadamu ni kuzikemea nchi nyingine. Ipo hiyo ila ndo rahisi kuliko zote. Ngumu ni ya upande wa pili, kukaa Geneva kujibu ya kwako. Tangu 2008 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa linapitia rekodi ya kila nchi mwanachama, hakuna anayerukwa, zamu inarudi kila baada ya miaka minne na nusu hivi. Kikao kinachukua muda wa saa tatu na nusu, nchi zingine zinasimama moja moja zinakupa mapendekezo, na wewe baadaye unajibu kila moja. Sio lazima waziri wa mambo ya nje ndo aongoze ujumbe, wengine wanamtuma wa sheria, lakini wizara yake ndo kawaida inabeba shughuli. Na kwenye majibu kuna maneno mawili tu ya kuangalia, nchi "inaunga mkono" pendekezo au "imelizingatia". Kuzingatia kule maana yake tumesikia, asante, hapana. Ukitaka kujua serikali yoyote inaogopa nini hasa achana na hotuba ya ufunguzi, katafute orodha ya yaliyozingatiwa. Kinachoumiza ni kwamba waziri anatoa ahadi kwa niaba ya polisi na magereza ambao hawako chini yake, akirudi nyumbani hana hata askari mmoja wa kumwamrisha.

Upande mwingine wa haki za binadamu hauko Geneva uko kwenye simu ya usiku. Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonsula, ibara ya 36, unasema mgeni akikamatwa lazima aambiwe bila kuchelewa kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa, na akitaka, ubalozi ujulishwe. Maneno mafupi sana ila watu wamekufa kwa kukosa hayo. Ndugu wawili Wajerumani, Karl na Walter LaGrand, walikamatwa Arizona mwaka 1982 kwa mauaji kwenye jaribio la wizi wa benki, hakuna aliyewaambia hiyo haki, Ujerumani ilikuja kujua 1992 tayari wana hukumu ya kifo, na 1999 wote wawili waliuawa wakipishana siku chache tu. Walikuwa na hatia, hilo halikubishaniwa The Hague. Lakini mwaka 2001 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Marekani ilivunja mkataba, na ikasema kitu ambacho kwetu kaunta kilikuwa kikubwa, kwamba hii sio haki ya serikali mbili kubadilishana barua tu, ni haki ya yule mtu mwenyewe.

Mimi binafsi, nchi siitaji, niliwahi kufika mahabusu siku ya kumi na moja. Kijana kakaa mbele yangu ananiangalia mikono haniangalii usoni, kashasaini maelezo ya kurasa nne kwa lugha ambayo hawezi kusoma hata neno moja. Nikamuuliza ulisaini nini? Akasema walisema nikisaini ntalala. Siku kumi na moja. Ningepigiwa simu siku ya kwanza ile karatasi isingekuwepo, au ingekuwepo na mkalimani pembeni.

Na hapo niseme ukweli ambao ndugu wa waliokamatwa huwa hawataki kuusikia, waziri hawezi kukutoa jela ya watu. Hawezi kuiambia mahakama ya nchi nyingine ihukumu vipi, kwa kawaida halipi wakili wako wala faini yako. Anachoweza ni afisa wake kukutembelea, kukupa orodha ya mawakili, kuwajulisha nyumbani, kung'ang'ania usipigwe na upate dawa, na mambo yakiwa mabaya zaidi kulipandisha suala mpaka kwa waziri mwenzake. Kama una uraia wa nchi mbili na umekamatwa kwenye mojawapo jiandae, mara nyingi watasema huyu ni wetu, ubalozi kaa nje.

Kuna sehemu moja diplomasia na haki za binadamu zinagongana uso kwa uso, nayo ni kinga ya waziri mwenyewe. Mwaka 2000 Ubelgiji ilitoa hati ya kumkamata Abdulaye Yerodia Ndombasi, wakati ule waziri wa mambo ya nje wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa tuhuma za kuchochea mauaji ya raia. Kongo ikashtaki, na Februari 2002 mahakama ile ile ya The Hague ikasema waziri wa mambo ya nje akiwa madarakani hakamatwi na nchi nyingine hata kwa tuhuma za uhalifu wa kivita, kwa sababu kazi yake ni kusafiri na hawezi kuifanya akiogopa kila uwanja wa ndege. Wakaongeza kwamba kinga sio kutoadhibiwa, nchi yake inaweza kumshtaki, au ikamvua kinga, na mahakama fulani za kimataifa zinaweza. Mimi hukumu ile sijawahi kuipenda ila nikijiuliza ningeandika nini badala yake nakosa jibu.

Turudi kwenye kitabu. Nchi nyingine pasipoti iko moja kwa moja chini ya wizara hii, India, Ireland, Japani, Australia, Marekani. Nyingine iko kwa uhamiaji chini ya mambo ya ndani, na waziri wa mambo ya nje anabaki na pasipoti za kidiplomasia na maombi yanayopokelewa balozini. Na kwa wale mnaotamani hiyo ya kidiplomasia, kitabu chenyewe hakikupi kinga, kinga inatokana na nchi ya pili kukukubali kama mwanadiplomasia uliyetumwa kwake, bila hivo una jalada la rangi tofauti tu.

Kumnyima mtu pasipoti ndo silaha ya kimya kimya kuliko zote, hakuna pingu, hakuna picha gazetini, faili tu "linashughulikiwa". Mchoraji wa Marekani Rockwell Kent alitaka kwenda Helsinki kwenye mkutano wa amani, ofisi ya pasipoti ikamtaka aape kama yeye ni mkomunisti au sio, akakataa, akamshtaki waziri mwenyewe John Foster Dulles, na mwaka 1958 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa majaji watano dhidi ya wanne, waziri hana mamlaka hayo ya kunyima kwa sababu ya imani ya mtu. India mwaka 1977 Maneka Gandhi, mkwe wa waziri mkuu wa zamani Indira Gandhi, alipata barua ya kumtaka arudishe pasipoti ndani ya siku saba, akauliza kwa nini, wizara ikajibu ni kwa maslahi ya umma na sababu hatukupi. Januari 1978 mahakama ya juu ikasema utaratibu wa kumnyang'anya mtu uhuru wake lazima uwe wa haki, sio utaratibu wowote tu mradi umeandikwa. Kesi ya kijitabu ikageuka nguzo ya katiba ya nchi nzima.

Cha mwisho, zile mistari miwili chini ya picha iliyojaa alama za mishale. Kila mstari una herufi 44, ndo kiwango cha shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, ICAO, na ndani mna tarakimu za ukaguzi. Chukua aliyezaliwa tarehe 12 Machi 1985, inaandikwa 850312, zidisha kila tarakimu kwa 7, 3, 1 ukirudia, unapata 56, 15, 0, 21, 3, 2, jumla 97, tarakimu ya mwisho 7, kwa hiyo baada ya tarehe lazima kuwe na 7. Nilimkamata mtu hivo kwa kalamu tu, mashine imezima, kabadilisha mwaka wa kuzaliwa vizuri sana, picha safi, mhuri safi, ila tarakimu aliiacha ya zamani.

Halafu kuna ukurasa wa kuandika mtu wa kupigiwa ikitokea dharura. Huo ndo niliokuwa naufungua kwanza hospitali ikinipigia kwamba wana mgeni hajitambui na mfukoni wamekuta pasipoti ya kwetu. Mara nyingi nimeukuta mweupe.